Trekta na shamba bichi

Wenye mashamba Ruai, Kamulu (mashariki mwa Nairobi) na kwingine kwenye udongo mweusi: mvua ikinyesha usiku, usikubali trekta iingie asubuhi eti kwa sababu dereva ana wateja wengine wanamsubiri. Chimba kina cha kiganja, chukua udongo, uviringishe mkononi. Ukitoka uzi mrefu usiokatika, bado umeloa na trekta itaushindilia: ahirisha. Ukimeguka-meguka, mwite.

Magurudumu yakipita mara ya kwanza ndipo udongo hushindiliwa zaidi, kwa hiyo mwambie dereva arudie njia ileile, asizurure shamba zima. Lori la samadi nalo libaki kando ya barabara, mzigo uingie kwa mkokoteni. (Vibarua watanung'unika. Waache.)

Kama tayari maji yanatuama na mizizi ya mahindi inapinda pembeni, dunga nondo nyembamba ardhini siku chache baada ya mvua. Ikikwama ghafla sentimita 20 au 30 chini, kuna tabaka gumu. Hilo hupasuliwa kwa jembe refu la trekta kiangazi, udongo ukiwa mkavu hadi chini. Udongo ukiwa na unyevu, jembe hilo hukata mfereji tu bila kuvunja kitu, na pesa ya dizeli imeenda. Msimu unaofuata panda mbaazi, mizizi yake huenda chini sana.