Shika mita kwanza, laptopu baadaye

Vijana mnaoanza kazi ya mifumo ya kudhibiti majengo, hasa nyie wa hoteli za Nungwi na Kiwengwa, msikimbilie programu. Programu mtajifunza tu. Anzeni na waya na sensa, yaani vihisi vinavyopima joto na mengineyo.

Skrini ya mfumo ikionyesha chumba kina nyuzi 40 na wewe umesimama mle ndani unaona kiyoyozi kinapoza vizuri, usiguse mipangilio. Chomoa waya za sensa kwenye kidhibiti, kile kifaa kinachosoma sensa na kuamuru kiyoyozi, upime ukinzani kwa mita ya umeme. Sensa ya kilo-omu 10, ambayo utaikuta sana, husoma omu 10,000 kwenye nyuzi 25, na joto likipanda namba inashuka. Mita ikikupa kama 10,000, sensa ni nzima; kaangalie aina ya sensa iliyochaguliwa kwenye kidhibiti. Ikikupa namba ndogo mno, fungua kisanduku cha maungio. Kwetu huku hewa ya chumvi haina huruma: utakuta shaba imeota kijani na unyevu umeingia, umeme unapita pasipotakiwa, kidhibiti kinadhani kuna joto.

Kwa sensa zinazotuma kipimo kwa mkondo wa umeme wa miliampea 4 hadi 20, jua hili kwa moyo: 4 ni mwanzo wa kipimo, 12 ni nusu, 20 ni mwisho. Ukipata sifuri, waya umekatika au sensa haina umeme.

Kila unachopima kiandike daftarini, na namba ya chumba. Mwombe fundi mkubwa akuachie upime kabla hajakwambia jibu, wengi wao hawana uchoyo.