Namna ya Kuikwamua Kalamu Iliyogoma

Mwandishi anayeukodolea macho ukurasa mtupu siku nenda siku rudi hujilaumu upesi kwamba ni mvivu au kwamba kipaji kimemtoka. Daktari wa akili kutoka Austria, Edmund Bergler, aliyelipa tatizo hili jina la kitaalamu la "writer's block" mwaka wa 1947, alikitafuta chanzo chake katika malezi ya utotoni. Mimi naamini kwamba kabla ya kurudi mbali hivyo, mwandishi airudie sentensi ya mwisho aliyoiandika na kujiuliza: sijui kinachofuata, au nakijua lakini sipendi kinavyosikika?

Ikiwa hujui kinachofuata, ondoka mezani. Tuseme mwandishi wa Kisumu anatunga hadithi ya mama muuza omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, naye amekwama baada ya kuandika, "Soko lilikuwa limejaa watu," sentensi inayoweza kusemwa kuhusu soko lolote. Na aende soko la Kibuye mjini humo na kijidaftari, asimame karibu na muuzaji mmoja tu. Ataona gorogoro, kopo la kupimia, ikijazwa hadi omena zichongoke juu ya ukingo wake, kisha mkono urudi kwenye gunia kuchota nyongeza kidogo kabla mteja hajaiomba. Anunue kwanza, ndipo aulize kwa adabu, "Mama, mbona leo omena ni chache?" Huenda akaambiwa kwamba mwezi ni mpevu: omena huvuliwa usiku kwa kuwashiwa taa ili zivutiwe na mwanga, na mbalamwezi ikiwa kali, taa hizo hazifui dafu. Hapo hadithi imepata juma zima la uhaba, deni linalosubiri na mama anayelazimika kuamua kama ataendelea kutoa nyongeza ile au ataiacha.

Ikiwa unakijua kinachofuata ila kila sentensi inakuudhi, dawa ni nyingine. Wengi wetu tulifunzwa insha kwa kukariri methali na tamathali za kupambia mwanzo, tukazoea kuiogopa kalamu nyekundu ya mwalimu kabla aya haijaisha, na woga huo tumeubeba hadi utu uzima. Jipe dakika 20, weka simu chumba kingine, uandike kwa mkono bila kufuta neno hata moja, maana anayetunga na kuhariri kwa wakati mmoja hubomoa anachojenga. Sentensi ikizidi kukaidi, msimulie mtu tukio hilo kwa lugha unayoota kwayo, iwe Kidholuo au Kiluhya, kisha uliandike kwa Kiswahili mara tu unapomaliza kusimulia. Mpangilio wa mambo utakuja wenyewe, kwa sababu msikilizaji aliye mbele yako hatakuruhusu uruke jambo asilolielewa.

Uchovu nao usiupuuze; aliyekesha na alale kwanza.

Lililobaki ni kuzuia kukwama kwa kesho. Mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway alikuwa na desturi ya kuacha kazi wakati bado anajua kitakachotokea mbele, na desturi hiyo inafaa kuigwa. Usimalize tukio jioni kwa sababu tu nguvu zingalipo. Likatize katikati, na chini ya ukurasa uandike hatua inayofuata kwa maneno machache, kwa mfano: "anakwenda kwa mwenye mtumbwi kukopa, anakuta mlango umefungwa." Asubuhi anzia papo hapo, kabla hujasoma ulichoandika jana.