Kumtafuta babu kwenye magazeti ya zamani yaliyo mtandaoni

Kabla hujaandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia, jiulize gazeti hilo liliandikwa kwa ajili ya nani. Jibu lake ndilo litakaloamua kama ukoo wako umo au haumo.

Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililotoka tangu 1899 hadi 1916, lilikuwa gazeti la walowezi wa Kijerumani. Nakala zake zimo kwenye ZEFYS, hazina ya magazeti ya Maktaba ya Serikali ya Berlin (Staatsbibliothek), na kuzisoma ni bure. Humo Mzungu aliyeshuka melini hutajwa kwa jina, ilhali Mwafrika aliyemchukulia mizigo ni "Boy" au "Träger" (mpagazi) tu. Ukimtafuta humo babu wa babu yako wa Pangani, yaelekea utatoka mikono mitupu. Lakini ukitafuta habari za mji wenyewe, kama vile kodi, kesi, ratiba za meli na matangazo ya maduka, utapata mengi.

Magazeti ya Kiswahili ndiyo yenye watu wetu. Kiongozi lilianza Tanga mwaka 1904, likichapwa kwenye shule ya serikali. Mambo Leo lilianzishwa Dar es Salaam Januari 1923 na idara ya elimu ya Tanganyika. Walioyaletea habari walikuwa walimu na makarani, wakiandika kutoka miji waliyopangiwa kazi: nani kafariki, nani kahamishwa, mvua imenyeshaje. Mashairi usiyaruke hata kama huyapendi, kwa sababu mtunzi huweka jina lake na mji wake chini ya beti. Huenda hiyo ndiyo alama pekee ya maandishi iliyobaki ya mwalimu wa shule ya kijijini.

Kwa Kenya, anza na gazeti rasmi la serikali, Kenya Gazette. Si gazeti la habari, lakini kwa kutafuta ukoo linayashinda mengi. Lipo bure Google Books na pia kwenye tovuti ya Gazettes.Africa. Kabla ya 1920 nchi iliitwa Himaya ya Afrika Mashariki, na gazeti likaitwa Official Gazette of the East Africa Protectorate, kwa hiyo jaribu majina yote mawili.

Sasa tahajia, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Kaa na karatasi uandike kila namna ambayo mgeni angeweza kuliandika jina unalolitafuta. Mjerumani aliandika y kwa j, sh kwa sch, ch kwa tsch, na j yetu mara nyingi kwa dsch. Z aliiandika s, na s ya mwanzo wa neno akaikaza kwa ss. Ndiyo maana Bagamoyo ni Bagamojo, Ujiji ni Udschidschi, Moshi ni Moschi, Zanzibar ni Sansibar, Songea ni Ssongea na Mwanza ni Muansa. Yusuf anaweza kuwa Jussuf, na Juma akawa Dschuma. Karani Mwingereza naye alikuwa na mtindo wake: Hussein, Hussain na Hossein wanaweza kuwa mtu mmoja, "bin" hukatwa ikabaki "b.", na Kamau wa Njoroge akaandikwa "Kamau s/o Njoroge", yaani "son of", mwana wa. Jaribu zote, na jaribu pia jina la baba peke yake.

Majina ya miji nayo yamebadilika. Lushoto ilikuwa Wilhelmstal, Tukuyu ilikuwa Neu-Langenburg, Kisumu ilikuwa Port Florence, Murang'a ilikuwa Fort Hall, Nyahururu ilikuwa Thomson's Falls. Ukoo uliovuka ziwa au mpaka utafute Usumbura kwa Bujumbura, na Élisabethville kwa Lubumbashi.

Hata ukiwa na tahajia sahihi, kompyuta inaweza isilione jina. Kurasa hizi ni picha, na maandishi yanayotafutika yametolewa humo na programu ya kusoma herufi, ambayo hukosea sana wino ukiwa umefifia au ukurasa ukiwa umejikunja penye mshono. Magazeti ya Kijerumani kwa kawaida yalichapwa kwa herufi za zamani za Kijerumani ziitwazo Fraktur, ambazo s yake ndefu inafanana mno na f. Hassan husomwa "Haffan". K huchanganywa na R, na B na V. Jina lililokatwa mwisho wa mstari, "Moha-" huku na "med" kule, halitoki kabisa ukitafuta Mohamed.

Dawa ni kutafuta kipande kifupi kisicho cha kawaida badala ya jina zima, au kuliacha jina na kutafuta kitu kilicho karibu nalo: kijiji, kazi, jina la meli, namba ya kiwanja. Namba za viwanja zinafaa sana. Viwanja vingi vya Nairobi vina namba inayoanza na 209/, na ukiwa na namba kamili kutoka kwenye hati ya familia, iweke ndani ya alama za kunukuu uone nani walikimiliki. Ikishindikana, pekua kwa tarehe, ukurasa baada ya ukurasa. Ni kazi ya kuchosha lakini hakuna njia inayoizidi kwa uhakika.

Kwenye Kenya Gazette, nenda moja kwa moja kwenye matangazo ya mirathi. Tangazo moja la mirathi hubeba jina la marehemu, mahali alipoishi, tarehe na mahali alipofia, na majina ya wanaoomba usimamizi pamoja na uhusiano wao naye: mjane, mtoto wa kiume, kaka. Marehemu aliyekuwa na majina mawili hutajwa kwa yote, yakiunganishwa na neno "alias", na hapo ndipo jina la nyumbani hukutana na jina la kwenye vitambulisho. Maneno ya Kiingereza ya matangazo haya hayabadiliki sana, kwa hiyo yatumie kama ndoano: andika "late of Takaungu" (marehemu aliyeishi Takaungu) ndani ya alama za kunukuu, na wafu wa Takaungu waliotangazwa watajitokeza bila wewe kujua jina hata moja. Usijifungie kwenye mwaka wa kifo. Mirathi nyingi hufunguliwa pale tu shamba linapotaka kugawanywa au kuuzwa, pengine miaka 20 baadaye.

Tarehe za familia zibadilishe kwanza. Mwaka wa Hijria kwa kawaida huangukia miaka miwili ya Miladi: 1332 ulianza mwishoni mwa Novemba 1913, kwa hiyo sehemu yake kubwa ni 1914. Bibi akisema "wakati wa Maji Maji", tafuta 1905 hadi 1907.

Ukipata kitu, pakua ukurasa mzima, si kipande chenye jina tu, kwa maana jina la gazeti na tarehe viko juu. Liite faili kwa mpangilio utakaojipanga wenyewe, mfano 1923-04_MamboLeo_uk05. Kwa Kenya Gazette ongeza namba ya tangazo. Kisha jizuie kushangilia mapema. Akina Juma bin Ali ni wengi kila mji, hivyo usimwingize mtu kwenye ukoo mpaka mambo mawili zaidi yalingane na unayoyajua: baba, kijiji, kazi au mke.

Toleo likikosekana mtandaoni, andika tarehe yake kamili ndipo uende kwenye nyaraka. Makao ya kuanzia ni Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, Nyaraka za Zanzibar zilizoko Kilimani, na Nyaraka za Taifa za Kenya zilizoko Moi Avenue, Nairobi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wake wa Afrika Mashariki. Mhudumu akipewa jina la gazeti, mwezi na mwaka anajua pa kwenda. Akiambiwa "magazeti ya zamani ya Tanga" hana pa kuanzia.