Mambo ya kuzingatia kabla hujasema tiba inasaidia

Andika swali lako kabla hujagusa takwimu. Unapima nini: vifo, homa, siku za kulazwa? Chagua kipimo kimoja kikuu. Anayepima matokeo 20 kwa kiwango cha 0.05, yaani akikubali bahati imdanganye mara 5 katika 100, ategemee moja "kuthibitika" hata kama dawa ni maji matupu.

Andika pia dhana ya kuanzia: tiba haileti tofauti yoyote. Wagonjwa wagawanywe kwa bahati nasibu, si kwa huruma ya daktari.

Halafu weka kundi la kulinganisha. Hapa nitakawia, maana ndipo watu wazima na akili zao wanapopotea. Kwa miaka mingi, mtoto aliyeletwa na homa kali, mikono ya baridi na moyo unaokwenda mbio, mwongozo ulitaka atundikiwe dripu nyingi na kwa haraka. Wahudumu wakongwe waliapa kwa macho yao kwamba mtoto huchangamka. Nani ataona haja ya kulipima jambo kama hilo?

Kathryn Maitland, daktari mtafiti wa magonjwa ya watoto aliyekuwa Kilifi, Kenya, na wenzake waliiona. Jaribio lao, FEAST, lilifanyika katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141 waligawanywa makundi matatu: maji ya chumvi kwa haraka, albumini (protini ya damu) kwa haraka, na wasiopewa maji ya haraka kabisa. Kipimo kikuu kilikuwa kifo ndani ya saa 48. Januari 2011 kamati ya usalama ilishauri jaribio lisimame kabla idadi iliyopangwa haijatimia. Katika makundi mawili ya dripu ya haraka walifariki asilimia 10.5 na 10.6, kwa wasiopewa, 7.3. Thamani ya p ilikuwa 0.003. Maana yake, kama dripu ile isingekuwa na athari yoyote, tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi ingejitokeza kwa bahati tu mara tatu hivi katika majaribio 1,000.

Bila kundi la tatu, wodi zingeendelea kuhesabu waliopona na kuishukuru dripu. Kipimo kikuu kingekuwa hali ya mtoto baada ya saa moja, dripu ingeshinda, kwani dalili za mzunguko hafifu wa damu ziliondoka upesi zaidi kwa waliotundikiwa. Na mtihani ungekuwa wa upande mmoja, wa kutafuta nafuu peke yake, jibu lingekuwa "nafuu haijaonekana", basi. Kwa hiyo pima pande zote mbili, nafuu na madhara, hata pale unapoona aibu kuuliza.

Ukishapata p, usilewe nayo. p ndogo haisemi nafuu ni kubwa. p kubwa nayo haisemi dawa haifai. Pengine wagonjwa walikuwa wachache mno.

Uliza waliopimwa ni akina nani. FEAST haikuwaingiza watoto wenye kuharisha kulikowakausha wala wenye utapiamlo mkali, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba imekataza dripu kwa mtoto aliyeishiwa maji kwa kuharisha. Uliza kama mpango ulisajiliwa kabla ya mgonjwa wa kwanza, nani kalipia, na walioacha dawa katikati walihesabiwa kundi gani.