Tulipu kwenye chungu: mpe baridi kwanza

Asili ya tulipu ni milima ya Asia ya Kati, ambako theluji hukaa miezi. Kitunguu chake, ndicho kinachopandwa, kikikufikia, ua limeshaumbika ndani. Linangoja baridi tu. Likiikosa, shina halirefuki na ua hukaukia katikati ya majani. Kwa hiyo kazi kubwa hapa ni ya friji, jembe baadaye.

1. Chagua vitunguu vikubwa, vizito, visivyo na ukungu wala sehemu laini.

2. Vitie kwenye mfuko wa karatasi, uweke friji, nyuzi 4 au 5, kwa wiki 12 hadi 16. Kwenye friza hapana, vitakufa. Na friji hiyo isiwe na matunda! Ndizi mbivu, tufaha na maembe hutoa gesi ya ethilini, nayo huua ua likiwa bado ndani. Utangoja wee, upate majani matupu. Andika MAUA kwenye mfuko, maana hakosi mtu wa kuvikaanga na mayai.

3. Hesabu kurudi nyuma. Limuru, Lushoto au Njombe, panda mwanzo wa Julai kungali baridi. Basi viingie friji mwishoni mwa Machi.

4. Chungu kiwe na matundu chini. Changanya udongo, mboji na mchanga. Ncha itazame juu, kina sentimita 15 hivi. Mwagilia, halafu usirudie mpaka udongo wa juu ukauke. Maji yakituama, vinaoza.

5. Kivulini mpaka vichipue, kisha jua la asubuhi.

Maswali

Shikamoo mwalimu. Maua yakiisha, nivitunze kwa mwakani?
Marahaba. Sikushauri. Kwenye joto majani hunyauka kabla kitunguu hakijajiwekea chakula cha kutosha. Nunua vipya.

Dada yangu anakuja kutoka Amsterdam, anibebee?
Kwanza kibali cha kuingiza mimea, ambacho Kenya hutolewa na KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha Uholanzi. Asivifiche kwenye nguo.

Mtoto akivila je?
Vina sumu, mpeleke hospitali. Hata ngozi huwasha ukivishika sana, vaa glavu. Waholanzi walivila wakati wa njaa ya 1944–45, ila walitoa kiini kwanza, na ilikuwa shida.

Mimi niko Mombasa.
Pole. Panda amarilisi: nayo huota kwa kitunguu, inapenda joto, na friji utabaki nayo kwa samaki.