SOMO: Spika ya kubebeka ya gereji, volti 24, inayosikika juu ya grinda

Wakuu, hili ni somo la kutengeneza spika ya kubebeka kwa ajili ya gereji. Boksi moja, wufa (spika za besi) mbili za inchi 8, betri ndani, Bluetooth. Vipimo ni vya plaiwudi ya mm 15, ile inayotoka Mafinga na kuuzwa Mbeya, Iringa na Njombe.

Tuanze na jambo linalowapotezea watu hela. Wati zilizobandikwa kwenye kasha hazikwambii spika italia kiasi gani. Namba ya kutafuta ni sensitiviti, yaani dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi kwa wati 1 ukiwa mita 1. Wufa nyingi za magari ni 87 hivi, kwa sababu zimetengenezwa zilie kwenye chumba kidogo zikisukumwa na ampu (kikuza sauti) kubwa. Wufa za muziki wa ukumbini, zile zenye ukingo wa kitambaa kigumu kilichokunjwa badala ya mpira mnene, hufika 95. Tofauti ya dB 8 ni sawa na kuzidisha nguvu mara sita: spika ya 87 inataka wati zaidi ya 200 kufika pale ambapo ya 95 inafika kwa wati 36. Kwa mtu anayetumia betri, hapo ndipo shughuli ilipo.

VIFAA

- Wufa 2 za ukumbini, inchi 8, ohm 8, sensitiviti 94 au zaidi.
- Twita (spika za sauti nyembamba) 2 za honi, ohm 8.
- Kapasita 2 za mikrofaradi 4.7, volti 100, zisizo na chanya wala hasi.
- Bodi ya ampu ya TDA7498E, chaneli mbili. Inakubali volti 14 hadi 36.
- Betri 2 za volti 12, Ah 7 (ampea-saa, kipimo cha chaji), zilizozibwa (za UPS). Nunua zinazofanana, za siku moja.
- Kibodi (bodi ndogo) cha kukata umeme betri zikishuka, cha volti 24.
- Moduli ya Bluetooth ya volti 5, kibodi cha kushusha umeme cha LM2596, na kichipu cha B0505S. Hicho cha mwisho usikiache, sababu inakuja.
- Fyuzi ya gari ya ampea 7.5 (ya kahawia) na kishikio chake, swichi, waya wa mm² 2.5 kwa betri na wa mm² 1.5 kwa spika.
- Nusu shiti ya plaiwudi, gundi nyeupe ya mbao, skurubu za mm 40, silikoni, bomba la PVC la mm 75, wavu wa chuma, vipini viwili vya kamba au chuma.

HATUA YA 1: KUKATA

Kutoka kwenye nusu shiti (sm 122 kwa 122) toa: vipande 2 vya 80 × 33 (mbele na nyuma), 2 vya 80 × 25 (juu na chini), na 4 vya 30 × 25 (pembeni viwili, vigawanyo viwili). Vyote vinaingia na masalia yanabaki. Boksi litakuwa sm 80 upana, 33 kimo, 28 kina. Ndani kuna vyumba vitatu: viwili vya wufa vyenye upana wa sm 29 kila kimoja, na cha katikati sm 16 kwa betri na bodi.

Kabla ya kulipa, gongagonga shiti kwa kifundo cha kidole. Plaiwudi ya bei rahisi huwa na mapengo katikati ya tabaka, na palipo na pengo mlio hubadilika. Besi ikipiga, pengo hilo litatetema kwa kelele na utamlaumu muuza spika bure. Mbao za paini zilizotoka juzi msituni Sao Hill usizitumie kwa boksi, zitajikunja zikikauka na maungio yatafunguka. Kwa vijiti vya ndani tu hazina shida.

HATUA YA 2: MATUNDU YA MBELE

Pima wufa yako mwenyewe, usikate kwa kukisia. Nyingi za inchi 8 zinataka tundu la sm 18 na kitu. Sukuma wufa kwenye kona moja ya chumba chake, bomba likae kona ya mkabala. Twita zote mbili weka mbele ya chumba cha katikati, moja juu ya nyingine.

HATUA YA 3: BOMBA

Kila chumba cha wufa kina kama lita 21.7. Ukitoa nafasi inayoliwa na wufa, bomba na kijiti cha kukaza, inabaki lita 20 hivi. Kwa bomba la kipenyo cha ndani sm 7.1, tukitaka chumba kilie vizuri kwenye Hz 60 (mitetemo 60 kwa sekunde), urefu unatoka hivi: 23562.5 mara kipenyo kwa kipenyo, gawa kwa (60 × 60 × 20), kisha toa 0.732 mara kipenyo. Jibu ni sm 11.3, pamoja na unene wa ubao. Bomba likiwa fupi, besi inapanda na kuwa ya kopo. Usilibane mdomo wa ndani kwa sponji wala waya.

HATUA YA 4: KUUNGA BOKSI

Toboa kwanza kwa biti nyembamba, paka gundi, kisha skurubu kila sm 10. Plaiwudi isiyotobolewa hupasuka ukingoni. Weka kijiti cha sm 2.5 kutoka ubao wa mbele hadi wa nyuma katika kila chumba cha wufa. Zungushia silikoni ndani ya kila ungio, na uiache ikauke usiku kucha kabla ya kufunga wufa, maana mvuke wake wa siki si mzuri kwa nyaya za wufa. Nyuma ya chumba cha katikati kata mlango wa 13 × 26, na ufuniko wake utoe kwenye masalia. Ufuniko huo toboa matundu juu na chini: betri za asidi zikichajiwa kupita kiasi hutoa gesi inayowaka. Lakini tundu la waya kati ya chumba hiki na cha wufa lizibwe kabisa kwa silikoni.

HATUA YA 5: NYAYA

Unga betri mfululizo: chanya ya kwanza kwenda hasi ya pili. Fyuzi ikae sm 10 tu kutoka kwenye chanya ya betri, si kule kwenye bodi. Waya ukikwaruzwa katikati ya njia na fyuzi iko mbali, kinachoungua ni waya na boksi. Baada ya fyuzi: kibodi cha kukata (weka volti 23), swichi, bodi.

Wufa inaungwa moja kwa moja kwenye chaneli yake. Twita inaungwa sambamba na wufa ikipitia kapasita. Kwa ohm 8 na mikrofaradi 4.7, twita itapokea sauti za kuanzia Hz 4,200 hivi kwenda juu.

Hapa ndipo bodi nyingi zinapokufa: hasi za spika USIZIUNGANISHE pamoja, wala usiziguse kwenye hasi ya betri. Fundi aliyezoea redio za zamani za gari, ambazo hasi ya spika inapigwa kwenye bodi la gari lenyewe, atafanya hivyo bila kufikiri. Ampu hii inasukuma pande zote mbili za spika, kwa hiyo waya zote mbili ni za moto. Nyaya nne zitoke kwenye bodi, nne zifike kwenye spika.

Bluetooth: betri → LM2596 (irekebishe isome volti 5.0 kabla ya kuunga chochote) → B0505S → moduli. Ukiruka B0505S utasikia mlio wa mbu unaobadilika kila simu inapotafuta mtandao. Unatokea kwa sababu moduli na ampu zinatumia hasi moja ya umeme na tena zinakutana kwenye hasi ya sauti, na kelele ya moduli inazunguka humo. Kichipu kile kinatenganisha hasi hizo.

HATUA YA 6: KUWASHA MARA YA KWANZA

Usiwashe moja kwa moja. Chukua balbu ya indiketa ya lori, volti 24 wati 21, iweke mfululizo mahali pa fyuzi. Ukiwasha, balbu imulike kidogo kisha ififie. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, zima utafute. Ikififia, rudisha fyuzi.

Kisha angalia mwelekeo wa wufa kwa betri ya volti 1.5: ukigusisha chanya kwenye chanya, koni zote mbili ziruke nje. Moja ikiingia ndani, zinauana besi.

Mwisho tafuta uvujaji. Washa udi, piga wimbo wenye besi ndefu, pitisha moshi taratibu kwenye maungio na ukingo wa wufa. Moshi ukiyumba kwa mdundo mahali pasipo bomba, hapo panavuja. Rudia silikoni.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Makambako: Mkuu, mimi tayari nina bodi ya TPA3116. Siwezi kuitumia hiyo?

Jibu: Unaweza kuitumia betri zikiwa zimepumzika, haziko kwenye chaja, lakini kikomo chake ni volti 26. Betri mbili za asidi zikiwa kwenye chaja zinasoma 27.6 na kuendelea. Siku utakayosahau na kupiga muziki huku unachaji, umeizika. Kama lazima uitumie, jenga pakiti ya lithiamu ya seli 6 mfululizo pamoja na BMS (bodi ya kulinda seli) yake. Ikijaa ni 25.2.

Mdau wa Mwanjelwa: Kwa nini tusitumie tu betri ya gari, volti 12? Zimejaa gereji.

Jibu: Hesabu ya wati ni voltiji mara voltiji, gawa kwa ohm mara mbili. Kwa 24 na ohm 8 unapata wati 36 kwa chaneli. Kwa 12 unapata 9. Tena TDA7498E haitaki chini ya 14.

Mdau wa Uyole: Sisi tunatengeneza malori, nayo ni volti 24. Naweza kuichomeka kwenye betri za lori?

Jibu: Injini ikiwa imezimwa, sawa kabisa, kupitia fyuzi ileile. Injini ikiwaka, alteneta hutupa miruko ya umeme ambayo bodi haikuandaliwa kuimeza. Na ukianza kuchomelea kwenye chesesi, chomoa kwanza. Ila usichaji betri zako ndogo moja kwa moja kutoka kwenye lori: Ah 7 hazitaki zaidi ya ampea 2, na lori halijui kubana.

Mdada wa Iringa: Kaka, inakaa na chaji muda gani? Na chaja iwe ipi?

Jibu: Betri hizo ni Wh (wati-saa) 168, na usitumie zaidi ya nusu ukitaka zidumu. Muziki wa sauti ya juu hula wastani wa wati 15 hivi, maana mdundo si mfululizo, kwa hiyo saa tano na kidogo. Chaja ya volti 24 inayotulia kwenye 27.6, ampea 1 hadi 2. Kwa sola, paneli mbili za wati 20 za volti 12 zikiwa mfululizo, na kontrola ya 24. Paneli moja ya volti 12 haitachaji kitu.

Mdau wa Makete: Huku asubuhi ya Juni na Julai kuna barafu kwenye majani. Inaathiri?

Jibu: Betri ya asidi karibu na nyuzi 0 hupoteza kama moja ya tano ya uwezo wake, ikipata joto inarudi. Ukiweka lithiamu, usiichaji kabisa chini ya nyuzi 0, seli zinaharibika ndani. Ilaze ndani ya nyumba, ichaji mchana.

Mdau wa Iringa (mwingine): Twita zinachoma masikio.

Jibu: Honi huwa kali kuliko wufa. Ongeza rezista ya ohm 8, wati 10, mfululizo na twita, kisha badilisha kapasita iwe 2.2. Ukiacha 4.7 na rezista ipo, twita itaanza kupokea kutoka Hz 2,100 na itaungua.

Mdau wa Tunduma: Baada ya miezi kadhaa wufa moja inakwaruza. Koni haijachanika.

Jibu: Una grinda karibu? Unga wa chuma unavutwa na sumaku ya wufa hadi kwenye mwanya wa koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni). Bonyeza koni polepole kwa vidole vinne. Ukisikia mchanga, umeshaingia. Unga ukiwa bado nje kidogo, uutoe kwa utepe wa gundi, usiupulizie kompresa, utausukuma ndani zaidi. Kwa wufa mpya, weka kitambaa chembamba nyuma ya wavu, na kingine kwenye mdomo wa bomba, chepesi kiasi kwamba ukikipulizia kwa mdomo hewa inapita bila kazi. Boksi likae mgongo kwa grinda, na mbali na beseni la kuoshea vifaa kwa petroli, kwa sababu swichi hutoa cheche.