Jinsi ya Kuchagua Njia na Mitambo ya Kuchimba Mwamba na Kuhamisha Udongo

Kosa linaloleta hasara kubwa katika kazi za uchimbaji hutendeka kabla mtambo wa kwanza haujafika, pale msimamizi anapoanza kwa kujiuliza ana mitambo gani badala ya kuuliza ardhi itakayochimbwa ikoje. Mwamba ndio unaoamua njia, njia ndiyo inayoamua mtambo wa kuchimbia, na mtambo wa kuchimbia pamoja na umbali wa kumwaga kifusi ndivyo vinavyoamua magari. Ukiugeuza mpangilio huo, utalipia mafuta, meno ya ndoo na siku zilizopotea.

Kwa hiyo anza na uchunguzi. Choronga mashimo ya sampuli hadi chini ya kina cha mwisho cha uchimbaji, kwa kuwa tabaka gumu hupenda kujificha mita moja au mbili chini ya mahali uchunguzi wa haraka ulipoishia. Sampuli zikitoka, pima ubora wa mwamba kwa kujumlisha urefu wa vipande vyote vyenye sentimita 10 au zaidi, kisha ugawe jumla hiyo kwa urefu wote uliochorongwa. Kipimo hicho, kilichobuniwa na Don Deere katika miaka ya 1960, huonyesha mwamba mzima sana unapozidi asilimia 90, na mwamba uliovunjikavunjika unaposhuka chini ya asilimia 25.

Hapa napenda nikae kidogo, kwa sababu wengi hupima ugumu wa jiwe na kusahau nyufa. Graniti yenye nguvu ya megapaskali 150 (kipimo cha mgandamizo ambao jiwe huhimili kabla ya kuvunjika), ikiwa ina nyufa kila sentimita 15 au 20, inaweza kung'olewa na buldoza kubwa au hata ekskaveta nzito, kwa kuwa mtambo hauvunji jiwe lenyewe bali unatenganisha vipande ambavyo tayari vimeachana. Jiwe la chokaa lenye theluthi moja tu ya nguvu hiyo, likiwa limeungana bila ufa kwa mita mbili au tatu, litaufukuza mtambo uleule. Kabla ya kutaja njia yoyote, tazama ukuta wa mwamba uliofunuka karibu na eneo la kazi, pima nafasi kati ya ufa na ufa, na uandike tabaka zimeinamia upande gani.

Kipimo kingine chenye manufaa ni kasi ya mawimbi ya mtikisiko ardhini. Kwa buldoza nzito ya tani 50 hivi, yenye jino la kupasulia nyuma, miamba mingi ambamo mawimbi hayo husafiri chini ya mita 2,000 kwa sekunde hupasulika bila baruti. Kasi ikipanda zaidi ya hapo, matokeo huwa ya mashaka na hutegemea aina ya mwamba. Hata hivyo, usiitegemee namba hiyo peke yake. Udongo uliojaa maji hutoa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde ingawa ni laini, na mawe makubwa ya mviringo yaliyobaki ndani ya mwamba uliooza hayaonekani katika wastani wa kipimo, ilhali ndiyo yatakayousimamisha mtambo.

Mahali mwamba unapopasulika, kupasua kwa jino la buldoza mara nyingi ni nafuu kuliko kulipua. Endesha polepole katika gia ya kwanza, ukiteremka mteremko inapowezekana, na elekeza jino lipite chini ya tabaka na kuziinua badala ya kuteleza juu yake. Katika mwamba mgumu tumia jino moja, kwani meno matatu hugawana nguvu na hayazami. Njia hii inahitaji uwanja mpana; ndani ya mtaro haina nafasi.

Nyundo ya haidroliki inayofungwa kwenye mkono wa ekskaveta inafaa kwa mitaro, kwa mawe makubwa yaliyobaki baada ya mlipuko, na kwa kazi ndogo karibu na majengo. Mwendeshaji asiigandishe sehemu moja zaidi ya nusu dakika hivi. Ikiwa jiwe halijapasuka, ahamie karibu na ukingo au kwenye ufa, vinginevyo ncha hupata moto na kuharibika. Kuipa nyundo kazi ya maelfu ya mita za ujazo za mwamba mzima ni kuuahirisha uamuzi wa kulipua, nao uamuzi huo utakuja tu, baada ya fedha kwisha. Pale ambapo mtikisiko hauruhusiwi kabisa, ipo saruji ya kupanuka, inayochanganywa na maji na kumiminwa katika mashimo yaliyochorongwa karibu karibu. Hupasua mwamba taratibu, kwa muda wa saa kadhaa hadi siku nzima au zaidi, bila kelele, lakini gharama yake ni kubwa.

Kwa mwamba mgumu na mzima wenye ujazo mkubwa, kuchoronga na kulipua bado ni njia isiyo na mshindani. Kazi hii ni ya mlipuaji mwenye leseni, na hesabu zinazofuata zimekusudiwa kukusaidia kusoma mpango wake na kuuliza maswali, si kuchukua nafasi yake. Umbali kutoka mstari wa mashimo hadi uso huru wa mwamba, yaani upande ulio wazi ambako mwamba utaangukia, kwa kawaida ni mara 25 hadi 35 ya kipenyo cha shimo, hivyo shimo la milimita 76 hudai umbali wa mita 1.9 hadi 2.7. Shimo hupitishwa chini ya sakafu inayotakiwa kwa takriban theluthi moja ya umbali huo, ili visiki vya mwamba visibaki sakafuni. Sehemu ya juu huzibwa kwa kokoto zilizopondwa, ambazo hushikana mlipuko unaposukuma, kuliko vumbi la uchorongaji ambalo hurushwa nje kwa urahisi. Mchanganyiko wa asilimia 94 ya nitrati ya amonia na asilimia 6 ya dizeli ni wa bei nafuu, ila maji huuharibu; katika mashimo yenye maji, itumike baruti inayohimili maji. Mtikisiko unaowafikia majirani hutegemea umbali wao na uzito wa baruti unaolipuka kwa wakati mmoja, ndiyo maana fataki, yaani viwashio vya baruti, hupangwa kupishana kwa sehemu ndogo za sekunde. Ukuta wa mwisho nao ulindwe kwa mstari wa mashimo yaliyokaribiana, yenye baruti kidogo, yanayolipuliwa kabla ya mengine.

Sasa kuhamisha. Ardhi ikishachimbwa huvimba: mchanga kwa asilimia 10 hadi 15, udongo wa kawaida kwa takriban 25, udongo wa mfinyanzi kwa 30 hadi 40, na mwamba uliolipuliwa kwa 50 hadi 60 au zaidi. Mchoro hukupa ujazo wa ardhi kabla ya kuchimbwa, ilhali lori hubeba ujazo uliovimba, na kuchanganya viwili hivi kumeharibu zabuni nyingi.

Chukua graniti yenye uzito wa tani 2.7 kwa mita ya ujazo ikiwa bado ardhini. Ikivimba kwa asilimia 60, kila mita ya ujazo ndani ya lori ina takriban tani 1.7, kwa hiyo lori la tani 20 litabeba chini kidogo ya mita 12 za ujazo, hata kama bodi yake ina nafasi zaidi. Ndoo ya mita 3 za ujazo hujaa robo tatu tu kwa mawe, yaani mita 2.25, na ndoo tano hutoa mita 11.25. Kupakia na kujipanga kukichukua dakika 3, na mzunguko mzima wa lori ukiwa dakika 18, utahitaji malori 6. Kwa saa yenye dakika 50 za kazi halisi, utapakia malori kama 16 au 17, yaani takriban mita 187 za ujazo uliovimba; zigawe kwa 1.6 upate takriban mita 117 za ujazo wa mwamba uliopimwa kwenye mchoro.

Umbali nao una neno. Buldoza husukuma kwa faida hadi mita 100 hivi. Skrepa, mtambo unaokwangua udongo na kuubeba wenyewe, hufaa udongo, si mawe, kwa umbali wa mamia ya mita hadi kilomita moja na nusu. Zaidi ya hapo tumia malori, na kwenye tope chagua yale yenye kiungo katikati.

Usiibane bajeti ya barabara ya ndani. Kwenye barabara ngumu, ukinzani wa magurudumu ni kama asilimia 2 ya uzito wa gari. Kwenye tope huweza kupita 10, sawa na kupanda mlima siku nzima. Greda lipite kila siku. Ekskaveta ikianza kusubiri malori, kagua barabara kwanza kabla ya kukodi lori la saba.